Kufundisha Ugomvi wa Ndugu: Somo la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Ayalandi, 1922–1923

Utangulizi

Mwalimu wa historia anapofundisha vita baina ya wananchi na mtawala mgeni, njia yake huwa imenyooka. Wanafunzi hujua mapema mioyo yao iko upande gani, na kazi ya mwalimu ni kuangalia tu kwamba upendo huo hauwazibi macho wasione ukweli. Lakini afikapo kwenye vita ambavyo wananchi wenyewe wamegeuziana bunduki, njia ile hupotea. Watu waliokuwa mashujaa katika sura iliyotangulia sasa wamesimama pande mbili, na kila upande wadai kwamba ndio wenye kuwakumbuka waliokufa. Aghalabu mwalimu hukimbilia moja kati ya njia mbili: ama huorodhesha tarehe na kupita upesi, ama huchagua upande mmoja na kuutetea. Kwa maoni yetu njia zote mbili humnyima mwanafunzi kitu anachokihitaji sana.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi tulivyolifundisha somo la aina hiyo kwa wanachuo wa ualimu, makosa tuliyoyafanya, na hatua tulizozifuata baada ya kuyasahihisha. Tulivichagua vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ayalandi kwa sababu tatu. Kwanza, vilikuwa vifupi. Vilianza 28 Juni 1922 na amri ya kuviacha ilitolewa 24 Mei 1923, hivyo darasa laweza kuvitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Pili, kabla ya bunduki kulia, pande mbili zilibishana bungeni na maneno yao yakaandikwa. Kwa hiyo hoja za kila upande zajulikana vizuri. Tatu, ni vita vya mbali. Hakuna katika madarasa yetu aliye na babu aliyeuawa huko, na mtu hujifunza kusikiliza kwa urahisi zaidi pale ambapo hana jeraha.

Kosa letu la kwanza

Mara ya kwanza tulipolifundisha somo hili tulieleza habari kwa ufupi, kisha tukaandika ubaoni swali lifuatalo: "Je, waliotia sahihi Mkataba walikuwa wasaliti?" Tulidhani swali kali litaamsha mjadala. Liliamsha kelele. Kwa muda wa dakika chache darasa liligawanyika, na wanachuo waliokuwa hawajapata kusikia jina la Ayalandi wiki moja kabla yake wakaanza kuitana wasaliti na wendawazimu. Hakuna aliyetaja hoja. Kipindi kilipokwisha tulijipongeza kwamba darasa lilichangamka.

Mwanachuo mmoja, ambaye wazazi wake walikimbia vita katika nchi yao, hakufungua kinywa siku ile. Baadaye alitujia akasema kwa upole, "Mwalimu, kwetu nako kulianza hivyo hivyo. Kila upande ulikuwa na jina la kuwaitia wengine." Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Lakini tulielewa kwamba badala ya kuvifundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe tulikuwa tumeviigiza. Somo tunaloeleza hapa chini lilitokana na maneno yake.

Shabaha za somo

Mwishoni mwa vipindi vinne vya dakika arobaini kila kimoja, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza hoja za pande zote mbili kwa maneno ambayo wenye hoja wenyewe wangeyakubali;
(b) kutofautisha ubishi juu ya Mkataba na uamuzi wa kuchukua silaha;
(c) kutaja hatua ambazo zingaliweza kurudishwa nyuma kabla ya vita kuanza;
(d) kutoa hukumu juu ya tendo maalumu, bila ya kuhukumu upande mzima wa watu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Ayalandi iliunganishwa na Uingereza kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1801, na bunge la Dublin likafutwa. Mwezi Aprili 1916 kikundi cha wazalendo kilitangaza jamhuri mjini Dublin kwa silaha. Walishindwa kwa muda usiozidi wiki moja, na viongozi wao wakapigwa risasi. Vifo hivyo viliwageuza watu wengi. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1918 chama cha Sinn Féin kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Wabunge wake walikataa kwenda London. Walikutana Dublin tarehe 21 Januari 1919 wakaunda bunge lao, Dáil Éireann. Hapo ndipo vita vya kuvizia dhidi ya utawala wa Kiingereza vilipoanza, vikaendelea hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 11 Julai 1921.

Mwalimu akazie jambo moja hapa. Mwezi Agosti 1919 wabunge wa Dáil waliamua kwamba wao na wapiganaji wao wale kiapo cha utii kwa Jamhuri. Bila ya kukijua kiapo hicho cha kwanza, mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini kiapo cha pili kilileta balaa.

Mwezi Oktoba 1921 wajumbe watano walikwenda London kuzungumza na serikali ya David Lloyd George. Waliongozwa na Arthur Griffith na Michael Collins. Éamon de Valera, mkuu wa serikali ya Dáil, alibaki Dublin. Wajumbe walipewa hati ya mamlaka kamili, lakini papo hapo walipewa maagizo ya kuipeleka Dublin rasimu ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Maagizo hayo mawili hayakupatana, na mkanganyo huo ulizaa uchungu mwingi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, Lloyd George aliwaambia kwamba wakikataa kutia sahihi vita vitarejea upesi. Wakatia sahihi bila ya kupiga simu Dublin.

Mkataba uliipa Ayalandi jina la Dola Huru na hadhi ya dominioni kama Kanada: bunge lake, fedha zake, jeshi lake, na askari wa Kiingereza waondoke. Lakini Mfalme alibaki, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Wabunge wangekula kiapo cha utii kwa katiba ya Dola Huru kwanza, kisha cha kuwa waaminifu kwa Mfalme. Uingereza ingeendelea kutumia bandari kadhaa kwa manowari zake. Na wilaya sita za kaskazini, ambazo tayari zilikuwa na bunge lake tangu Juni 1921, zingeweza kujitoa, ndipo Tume ya Mipaka iamue mpaka upite wapi.

Hapa wanafunzi wengi, na hata vitabu vingine, hukosea. Hudhani kwamba ugomvi ulikuwa juu ya kugawanywa kwa nchi. Ukweli ni kwamba katika mjadala wa Dáil habari za kaskazini zilichukua sehemu ndogo tu. Kilichobishaniwa zaidi kilikuwa Mfalme na kiapo. Hata rasimu mbadala ya de Valera ilibakiza vifungu vya kaskazini karibu kama vilivyokuwa. Rasimu hiyo ilitaka Ayalandi iwe nje ya Jumuiya ya nchi za Mfalme, lakini ishirikiane nayo kwa hiari. Tofauti baina ya rasimu hizo mbili ilikuwa ndogo ukiipima kwa maneno. Kwa mtu aliyekwisha kula kiapo kwa Jamhuri, ilikuwa tofauti ya kuvunja ahadi au kutoivunja.

Tarehe 7 Januari 1922 kura zilipigwa. Waliokubali Mkataba walikuwa 64, waliokataa 57. Mwalimu awaachie wanafunzi wapige hesabu wenyewe: kama wabunge wanne tu wangebadili mawazo, matokeo yangegeuka kuwa 60 kwa 61. Wabunge wanawake sita wote walikataa. Miongoni mwao Margaret Pearse alikuwa amepoteza wana wawili waliopigwa risasi mwaka 1916, Kathleen Clarke mume na ndugu, na Mary MacSwiney kaka aliyekufa kwa kugoma kula gerezani mwaka 1920. Mwalimu asiseme kwamba walikataa kwa sababu ya majonzi tu, kwani walikuwa na hoja kama wengine. Lakini wanafunzi wajue kwamba katika chumba kile wafu nao walikuwa wakihesabiwa.

De Valera alijiuzulu. Griffith alishika uongozi wa Dáil, na Collins uenyekiti wa Serikali ya Muda. Jeshi la Jamhuri, IRA, liligawanyika. Tarehe 14 Aprili wapinzani wa Mkataba waliliteka jengo la mahakama la Four Courts mjini Dublin. Kwa muda wa miezi miwili Collins hakuwashambulia. Mwezi Mei alipatana na de Valera kwamba chama chao kiende pamoja katika uchaguzi. Uchaguzi wa 16 Juni ulitoa wabunge 58 wa upande wa Mkataba na 36 wa upande wa kuupinga; viti vilivyobaki kati ya 128 vilikwenda kwa chama cha Wafanyakazi, Wakulima na wengineo, ambao kwa jumla hawakutaka vita. Wapinzani walijibu kwamba watu walipiga kura huku tishio la vita vya Uingereza likiwa juu ya vichwa vyao, na kwamba katiba mpya ilichapishwa asubuhi ile ile ya uchaguzi.

Tarehe 22 Juni Jemadari Sir Henry Wilson aliuawa London na Waayalandi wawili. Serikali ya Uingereza ilidai Four Courts isafishwe. Alfajiri ya 28 Juni, askari wa Collins waliipiga kwa mizinga waliyoazima kwa Waingereza. Baada ya siku mbili waliokuwamo walijisalimisha. Lakini kabla ya hapo mlipuko mkubwa uliiteketeza Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa iliyokuwa ubavuni. Wasia za karne nyingi, vitabu vya parokia, na karatasi za hesabu ya watu za tangu 1821 hadi 1851 viligeuka majivu. Kila upande uliulaumu mwingine, na wanahistoria wameendelea kubishana juu yake. Kwa walimu wa historia huu ni msiba wa pekee: taifa lililokuwa likipigania haki ya kuwa na historia yake lilichoma hati za historia hiyo katika siku tatu za kwanza.

Baadaye mwendo wa vita ulikuwa wa haraka. Serikali ilitwaa miji ya kusini, Cork ikatwaliwa mwezi Agosti kwa askari waliokuja na meli. Griffith alikufa kwa ugonjwa tarehe 12 Agosti. Siku kumi baadaye Collins, aliyekuwa na umri wa miaka 31, aliuawa kwa kuviziwa Béal na Bláth, katika wilaya yake ya kuzaliwa. Vita viliingia vichakani na ukatili ukazidi. Serikali ya W. T. Cosgrave iliunda mahakama za kijeshi zenye uwezo wa kuua, na kwa hesabu iliyozoeleka wafungwa 77 walipigwa risasi kwa amri yake, idadi inayopita ya wale waliouawa na Waingereza kwa hukumu wakati wa vita vya uhuru. Tarehe 7 Desemba wapinzani walimwua mbunge Seán Hales. Kesho yake asubuhi serikali iliwapiga risasi wafungwa wanne waliokuwa kizuizini tangu Juni, bila ya kuwafikisha mahakamani. Mmoja wao alikuwa Rory O'Connor. Waziri Kevin O'Higgins, mmoja wa walioidhinisha kifo chake, alikuwa amefunga ndoa mwaka mmoja kabla yake, na mpambe wake siku ya harusi alikuwa O'Connor huyo huyo. Tarehe 7 Machi 1923, huko Ballyseedy katika wilaya ya Kerry, askari wa serikali waliwafunga wafungwa tisa pamoja kando ya bomu, wakalilipua. Mmoja tu alinusurika. Siku moja kabla yake bomu la kutegwa la wapinzani lilikuwa limewaua askari watano wa serikali katika wilaya hiyo hiyo.

Mwezi Aprili kamanda wa wapinzani, Liam Lynch, aliuawa. Tarehe 24 Mei wapiganaji wake waliamriwa waweke silaha chini. Hapakuwa na mkataba wa amani. Waliokufa walikuwa karibu 1,500, na zaidi ya watu 10,000 walikuwa kizuizini.

Hatua za kufundisha

Kipindi cha kwanza: maneno. Mwalimu aanze na maneno matano ubaoni: jamhuri, mfalme, dominioni, kiapo, mapatano. Neno gumu ni dominioni, na kwa wanafunzi wa Tanzania liko karibu zaidi ya wanavyodhani. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, hadi nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Kenya nayo ilipita njia hiyo kwa mwaka mmoja, 1963 hadi 1964. Mwalimu aulize: kwa nini kwetu mwaka ule haukuleta vita? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba mwaka 1961 njia ya kwenda kwenye jamhuri ilikuwa wazi na hakuna aliyetishia vita, wala wapiganaji hawakuwa wamekula kiapo kwa jamhuri ambayo watu walikuwa wameifia. Ulinganisho huo utumike kwa kufafanua neno tu, usiendelezwe zaidi.

Kisha mwalimu aandike methali hii pembeni mwa ubao na kuiacha pale hadi kipindi cha mwisho: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune."

Kipindi cha pili: bunge. Darasa lirudi Januari 1922. Ni muhimu sana wanafunzi wasiambiwe yaliyofuata. Wagawanywe kwa kura ya karatasi, asiwepo wa kujichagulia upande. Kila mmoja apewe kadi ya hoja. Kadi za upande wa kukubali:
1. Mkataba haukuleta uhuru wote, lakini umetupa uhuru wa kuutafuta uliobaki.
2. Askari wa kigeni wataondoka, jambo ambalo karne nyingi za mapambano hazikulipata.
3. Silaha zetu ni chache, na watu wamechoka.
4. Wengi wa wananchi waukubali.

Kadi za upande wa kukataa:
1. Tumekwisha kula kiapo kwa Jamhuri; mtu halali na viapo viwili.
2. Sahihi iliyotiwa chini ya tishio la vita si hiari.
3. Wajumbe walipaswa kuleta rasimu Dublin kwanza.
4. Wengi hawana haki ya kutoa kitu kisicho chao peke yao: waliokufa na watakaozaliwa wana sehemu humo.

Sheria ya mjadala ni moja. Hakuna atakayejibu hoja kabla hajairudia hoja ya mwenzake, na mwenzake akasema, "Naam, ndivyo nilivyosema." Asiposema hivyo, mjibu arudie tena. Mwanzoni sheria hii huchukua muda na huwachosha wenye haraka. Tusiilegeze. Tuliona wanachuo wakirudia mara tatu au nne, na kila mara sauti ikishuka. Mmoja aliyekuwa upande wa kukubali alipofaulu kuieleza hoja ya kiapo, alinyamaza kidogo, kisha akasema hana jibu. Kutokuwa na jibu hapo si kushindwa; ni mwanzo wa kuelewa. Maneno kama msaliti yasitumike ila kwa kunukuu: nani alisema, lini, juu ya nani. Kura ipigwe kwa siri, kila mtu kwa dhamiri yake na si kwa kadi yake.

Kipindi cha tatu: mteremko. Mwalimu abandike ukutani karatasi zenye tarehe: 7 Januari, 14 Aprili, mapatano ya Mei, 16 Juni, 22 Juni, 28 Juni, 17 Novemba ambapo wafungwa wa kwanza walipigwa risasi, 7 na 8 Desemba, 7 Machi. Vikundi vizunguke na kujibu maswali mawili mbele ya kila tarehe: nani aliweza kurudi nyuma hapa, na angepoteza nini? Shabaha ni mwanafunzi aone kwamba vita havikutokana moja kwa moja na kura ya Januari. Katikati yake ilikuwepo miezi mitano na nusu, na kila mwezi watu walichagua. Aone pia kwamba baada ya damu ya kwanza kumwagika, gharama ya kurudi hupanda kila siku.

Hukumu juu ya matendo ifanywe hapa. Wanafunzi watazame mauaji ya Seán Hales, ya wafungwa wanne, na ya Ballyseedy, kisha waseme wazi. Tusiwafundishe kwamba kuelewa maana yake ni kutokuhukumu. Aliyeukubali Mkataba aweza kuyalaani mauaji ya tarehe 8 Desemba, na aliyeukataa aweza kuyalaani ya tarehe 7. Mwanafunzi anayeweza kulilaani tendo baya la upande aliousimamia mwenyewe bungeni amefikia shabaha ya somo.

Kipindi cha nne: baadaye. Sasa tu wanafunzi waambiwe yaliyofuata. Mwaka 1925 mpaka wa kaskazini uliachwa ulivyo. Mwaka 1926 de Valera alianzisha chama cha Fianna Fáil, na mwaka 1927 aliingia bungeni kwa kutia sahihi katika kitabu cha kiapo kile kile, akisema ni desturi tupu. Mwaka huo huo O'Higgins aliuawa. Mwaka 1932 de Valera alishinda uchaguzi, na Cosgrave, ambaye serikali yake iliwafunga na kuwaua wenzake de Valera, alimkabidhi madaraka kwa amani. Kiapo kilifutwa mwaka 1933 na bandari zikarudishwa 1938. Mwaka 1949 nchi ikawa jamhuri rasmi, chini ya serikali iliyoongozwa na chama cha Fine Gael, warithi wa waliokubali Mkataba. Vyama hivyo viwili havikuunda serikali ya pamoja hadi mwaka 2020.

Hapo darasa litataka kusema, "Basi Collins alikuwa sahihi." Wengine watajibu kwamba bila ya wakaidi wa kulishikilia neno jamhuri, hakuna ambaye angaliifikia. Mwalimu awakumbushe kwamba wao wanaijua 1949, na wabunge wa 1922 hawakuijua. Kuwahukumu wafu kwa elimu ambayo wao hawakuwa nayo ni kosa ambalo mwanahistoria hana budi kujizuia nalo.

Mwisho twasimulia kisa cha Erskine Childers. Alikuwa katibu wa wajumbe wa London, kisha akawa mpinzani wa Mkataba. Alikamatwa Novemba 1922 akiwa na bastola ndogo, ambayo inasemekana alipewa na Collins wakati wangali marafiki, na kwa kosa la kuwa na silaha akapigwa risasi tarehe 24 Novemba. Kabla ya kufa alimwahidisha mwanawe, kijana wa miaka 16, kwamba atawapa mkono wote waliohusika na hukumu yake. Kijana huyo alikuja kuwa Rais wa Ayalandi mwaka 1973. Baada ya kisa hiki tusiongeze maneno. Tuigeukie methali iliyoko ubaoni na kuuliza: je, ni kweli? Darasa moja lilijibu kwamba ni kweli kwa majirani wa ndugu hao, lakini si kwa wale 1,500, ambao hawakuwepo siku ya mavuno.

Kupima maendeleo

Maswali ya tarehe yatosha kwa dakika tano. Kipimo chenyewe ni insha fupi: mwanafunzi aandike barua ya mbunge wa upande ambao yeye hakuupigia kura, akimweleza ndugu yake sababu za uamuzi wake. Insha isomwe na mwenzake aliyeupigia kura upande huo. Kama msomaji ataona hoja zake zimeelezwa kwa haki, mwandishi apate alama. Akiona zimefanyiwa mzaha, iandikwe upya. Njia hii hupunguza kazi ya mwalimu ya kusahihisha, na humfundisha mwanafunzi kwamba mwamuzi wa haki ya maelezo ni yule anayeelezwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba walimu wengi huogopa somo la aina hii wasije wakawasha moto. Hofu hiyo ina msingi, nasi tuliuwasha kwa swali moja la haraka. Lakini kunyamaza hakuuzimi. Mwanafunzi asiyefundishwa shuleni jinsi ya kuirudia hoja ya asiyekubaliana naye, atajifunza mitaani jinsi ya kumpa jina.

Mwanachuo yule aliyenyamaza katika somo la kwanza alikuwa pia katika somo tulilolisahihisha. Kadi yake ilimweka upande wa Mkataba. Katika barua yake ya mwisho, iliyoandikwa kwa jina la mpinzani, mlikuwa na ombi moja kwa ndugu aliyeandikiwa: lolote litakalotokea, wasiache kuitana kwa majina waliyopewa na mama yao. Tumeanza kulitumia ombi hilo kama kanuni darasani. Wanafunzi wanapobishana, kila mmoja humtaja mwenzake kwa jina lake kabla ya kumjibu. Ni jambo dogo, halihitaji kifaa chochote, na mwalimu yeyote aweza kulianza kesho.